Kilichofungwa Mwisho Hufunguliwa Kwanza

(Maneno yaliyosemwa usiku wa pili wa mkutano wa ukoo wetu, Jeddah, na kuchapishwa kwa ombi la Kamati)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi usiku huu. Nilipoulizwa nitazungumza juu ya jambo gani, nilijibu kwamba nitazungumza juu ya mti wa bunduki uliokataa kutoka. Mwenyekiti alicheka, akadhani ninafanya mzaha. Lakini sikufanya mzaha. Ninayo mambo mawili ya kuwaeleza, moja la ukoo na moja langu mwenyewe, na yote mawili yamefungwa katika ubao huo mmoja. Wenye jambo la kwanza, yaani bin ami zangu wawili walioketi pale mbele, wameniridhia niliseme hadharani. Jambo la pili sikuhitaji kuomba ridhaa ya mtu, kwa kuwa aibu yake ni yangu.

Wengi wenu mnaijua bunduki ya marehemu ami yetu mkubwa wa Jeddah. Wale waliokulia katika nyumba ile ya zamani ya Balad wanakumbuka ilivyotundikwa ukutani katika majilisi, juu kabisa, mbali na mikono ya watoto. Ni bunduki ya kijeshi ya Kiingereza, aina ya Lee-Enfield, ile fupi iliyoanza kutumiwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ina uzito wa kilo 4 hivi, na kasha lake huchukua risasi 10. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki waliifahamu aina hiyo mikononi mwa askari wa Keya. Napenda kuwatoa hofu wazazi walioko hapa: mtutu wa bunduki yetu ulikwisha kuzibwa kwa chuma zamani, haiwezi kupiga tena, na kibali cha kuiweka kiko kwa jina la mwenyewe, ambaye ni raia wa nchi hii. Silaha si pambo la kuchezewa, hata ikiwa imekufa.

Ilifikaje kwetu? Tulivyosimuliwa na wazee ni kwamba babake ami, ambaye alikuwa mlinzi wa ghala la mbao hapa bandarini, aliipata katika miaka ya misukosuko ya Hijazi. Historia yenyewe inajulikana. Mwezi wa Juni mwaka 1916 askari wa Kituruki waliokuwa Jeddah walisalimu amri mbele ya majeshi ya Sharifu Hussein, na katika vita hivyo Waingereza waliwaletea Waarabu maelfu ya bunduki, nyingine zao wenyewe, nyingine za Kijapani. Baadaye, mwezi wa Desemba mwaka 1925, mji huu uliingia katika mikono ya Mfalme Abdulaziz baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, naye akafikia katika nyumba ya Nassif, ile ambayo jana tulipiga picha mbele ya mti wake. Bunduki katika nyakati hizo zilibadilisha mikono kama sarafu. Katika jumba la makumbusho ya vita mjini London iko Lee-Enfield moja ambayo Waturuki waliiteka Gallipoli mwaka 1915, Enver Pasha akamtunukia Amiri Faisal, na Faisal akampa Lawrence. Basi ikiwa ile ilipita mikono mitatu ya watu mashuhuri, na yetu isishangaze kwamba ilipita mikono ya watu wasiojulikana mpaka ikamfikia mlinzi wa ghala.

Ami yetu alipofariki mwaka 2011, ndipo mambo yalipofungana. Kibali kilihamishiwa kwa mwanawe mdogo, aliye Riyadh, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na subira ya kushughulikia karatasi. Asubuhi moja, mara tu baada ya matanga, alifika hapa Jeddah kwa gari, akaitungua bunduki ukutani, akaifunga katika blanketi, akaondoka nayo. Kaka yake alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi alikuta msumari mtupu na alama nyeupe ukutani. Kwa miaka 7 ndugu hawa wawili hawakugombana hata siku moja, kwa sababu hawakuzungumza. Siku ya Idi walipelekeana salamu kupitia kwa mama yao. Mama yao naye, Mwenyezi Mungu ampe afya, alizibeba salamu zile kama mtu abebaye maji katika pakacha.

Sasa turejee kwenye mti. Bunduki ile ilikaa Jeddah zaidi ya miaka 80. Jeddah iko kando ya Bahari ya Shamu, na hewa yake ni nzito kwa unyevu na chumvi. Nyote mmeona tangu juzi jinsi miwani inavyofunga ukungu mtu atokapo nje. Riyadh iko mbali na bahari, juu ya uwanda wa mita 600 hivi, na wakati wa kiangazi unyevu wa hewa huweza kushuka chini ya asilimia 10. Chuma kikiwa Jeddah hula kutu, mti hunywa maji na kuvimba. Kikiwa Riyadh chuma hupumzika, lakini mti hukauka na kunywea. Mti wa bunduki ile ni wa mjozi, ambao umechongwa ndani kwa mfereji unaolalia mtutu na sanduku la chuma la mtambo. Mti unaponywea, mfereji nao hujibana, ukaikamata chuma kama mkono unaofumba. Juu ya hayo, mafuta ya kale yaliyomiminwa na vizazi viwili yalikuwa yamekauka katikati ya mti na chuma, yakawa kama gundi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018, bin ami yetu wa Riyadh aliona mstari wa rangi ya kahawia ukitokeza pale mti unapokutana na chuma. Alijua maana yake. Kutu ya nje huonekana na kufutwa; kutu iliyo chini ya mti hula kwa siri, na siku inapoonekana huwa imekwisha kula sana. Akaazimia kuutoa mti wote ili asafishe. Alianza nyuma, penye kitako, kwa sababu ndipo palipo wazi. Katika bamba la shaba la kitako kuna kilango kidogo. Ukikifungua unakuta tundu refu, na ndani yake kabisa kichwa cha parafujo kubwa inayokishika kitako. Alipenyeza bisibisi ndefu, akazungusha. Parafujo ikasogea kidogo sana. Kisha, alivyonieleza, mti wa mbele ukalia: ka! Sauti moja tu, kama ya kijiti kikavu.

Namshukuru Mungu kwamba aliuacha mkono wake hapo hapo. Usiku ule ule alinipigia simu, maana alijua kwamba katika ujana wangu nilikuwa karani katika ghala la silaha.

Nilipoisikia habari ile kwenye simu, nilikaa kimya muda mrefu hata akadhani simu imekatika. Ndugu zangu, ile sauti niliijua. Nilikuwa nimeisikia miaka 35 kabla yake, na mkono uliozungusha bisibisi siku ile ulikuwa wangu.

Niruhusuni nirudi nyuma. Nilitumikia serikali ya Kenya hadi mwaka 1994, nilipostaafu mapema wakati utumishi ulipopunguzwa, na mwaka uliofuata nikaja huku. Mwaka 1983, nikiwa na umri wa miaka 25, nilikuwa karani katika ghala moja pwani. Ghala gani, hapana haja ya kulitaja. Katika pembe yake zilikuwapo bunduki kuukuu za aina hii hii, zikingoja kuhesabiwa na kuondolewa. Alikuwapo pia fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na kisanduku chake cha bisibisi kilichopangwa kama meno. Kazi yangu ilikuwa kuandika nambari. Kazi yake ilikuwa kugusa. Lakini kijana mwenye kalamu hujiona anajua yote. Mchana mmoja mzee alipokwenda kuswali, nilichukua bunduki moja ili nisome alama zilizo chini ya mti. Nikaanza nyuma, penye kitako, kwa sababu ndipo palipo wazi. Nikasikia: ka! Mti wa mbele ulipasuka kwa urefu wa kidole. Nikaifuta, nikairudisha mahali pake, nikaendelea kuandika nambari.

Wakaguzi walipokuja, ufa ulionekana. Waliuliza nani ameifungua. Mzee alinitazama, nami nikayatazama madaftari yangu. Akasema, "Ni mimi." Alikatwa mshahara kwa miezi kadhaa. Alikuwa na watoto wa shule.

Wiki moja baadaye aliniita, akaweka bunduki nyingine juu ya meza, na pasipo kunilaumu kwa neno lolote akanifundisha jinsi inavyofunguliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza alisema sentensi moja, nayo ndiyo niliyoifanya kichwa cha maneno yangu ya leo: "Kilichofungwa mwisho hufunguliwa kwanza."

Maana yake katika bunduki hii ni hivi. Aliyeiunda alianza na kitako. Alikikaza kwa ile parafujo kubwa, na ncha ya parafujo hiyo, ambayo ina pembe nne, ikachomoza upande wa mbele. Kisha akauleta ubao wa mbele, ambao nyuma yake una kibamba kidogo cha chuma chenye mwanya. Kibamba hicho huikamata ile ncha ya pembe nne ili parafujo isilegee mtu anapotembea na bunduki siku nyingi. Kwa hiyo ukizungusha parafujo ya kitako wakati ubao wa mbele bado uko mahali pake, ile ncha hukipindua kibamba, na kibamba huupasua mti. Mlango ulio wazi, yaani ule wa nyuma, ndio wa mwisho. Mlango wa kwanza uko mbele kabisa, mdomoni mwa bunduki.

Basi nilimwambia bin ami wa Riyadh asiiguse tena. Nikamwambia nitakuja, lakini siji peke yangu. Kazi ile inataka mikono minne yenye nguvu kuliko yangu, na mikono miwili kati ya hiyo itakuwa ya kaka yake. Safari hii ni yeye aliyenyamaza. Mwishowe alisema, "Akikubali kuja, nyumba ni yake."

Kaka mtu nilimwendea baada ya sala ya alfajiri. Sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba bunduki ya babake imepata ufa, na kwamba ufa usiposhughulikiwa utakwenda hadi mwisho. Aliuliza swali moja: "Ameivunja?" Nikajibu, "Karibu." Akaenda kuchukua funguo za gari.

Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni kilomita 950 hivi. Hatukuzungumza jambo la maana mpaka tulipopanda mlima wa Hada kuelekea Taif. Hapo, hewa ilipobadilika, alisema bila ya kunitazama: "Ami, unajua, bunduki si kitu. Angeniambia tu kwamba anakwenda. Nilikuwa nimemnunulia mkate wa njiani." Nilielewa basi kwamba kwa miaka 7 sisi wote katika ukoo tulikuwa tumeanza nyuma, penye kitako. Tulifanya vikao juu ya mirathi, tukajadili nani mwenye haki ya kibali, na kila tulipozungusha tulisikia mti ukilia. Kumbe fundo la mwisho, lile lililofungwa baada ya mengine yote, lilikuwa mkate wa njiani.

Tulipofika, mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni. Kabla hata hatujavua viatu nilimvuta kando, nikamweleza habari ya mkate. Alirudi kwa kaka yake, akambusu kichwani, akasema, "Nisamehe kwa kuondoka bila ya kuaga." Hakusema lolote juu ya bunduki. Kaka mtu alijibu, "Haya, tuingie." Yalikuwa maneno machache, wala sitaki mdhani kwamba palikuwa na vilio. Lakini parafujo ya kwanza ilikuwa imelegea.

Sasa nitawaeleza tulivyofanya, kwa faida ya wale walio na vitu vya mti na chuma majumbani mwao.

Hatukuanza siku ile. Kwanza tuliikagua bunduki kuhakikisha kwamba haina risasi, ingawa mtutu umezibwa, kwa kuwa hiyo ni adabu ya silaha. Tukaipaka chuma mafuta mepesi. Kisha tukaiviringisha katika kitambaa kikavu cha pamba, tukailaza katika chumba cha nyuma chenye kile kipoza hewa cha zamani kinachopitisha upepo katika nyasi zilizolowa maji. Hapa Jeddah chombo kile hakifai kitu, maana hewa yetu imekwisha kushiba maji. Riyadh kinafaa sana. Madhumuni yalikuwa mti unywe unyevu polepole na mfereji wake upanuke. Wengine hudhani kwamba mti ukivimba tundu lake huziba. Sivyo, mti unapopanuka wote kwa pamoja, tundu nalo hupanuka. Lakini mtu asiumwagie maji wala asiuanike juani, kwani kitakachopatikana ni ufa mwingine.

Tulingoja siku 3. Siku hizo ndugu hawa hawakuwa na la kufanya ila kukaa pamoja. Siku ya pili tulikwenda kuiona ngome ya Masmak, ile ya matofali ya udongo ambayo Mfalme Abdulaziz aliiteka mwezi wa Januari mwaka 1902. Katika mlango wake wa mbao wageni huonyeshwa ncha ya mkuki iliyokwama tangu siku ile ya mapambano. Kaka mtu aliitazama sana, akamwambia mdogo wake, "Hii nayo usijaribu kuitoa." Mdogo mtu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko cha pamoja baina yao tangu matanga ya baba yao.

Siku ya nne tuliianza kazi. Kwa kuwa jambo la mwisho kufanywa juu ya bunduki ile lilikuwa kuzungushwa parafujo ya kitako kimakosa, hilo ndilo lililopaswa kutenguliwa kwanza. Nilimpa mdogo mtu bisibisi, nikamwambia airudishe parafujo pale alipoikuta, pole pole, asiipitishe hata unywele. Alifanya hivyo huku jasho likimtoka. Kile kibamba kilichopinda kikarudi mahali pake.

Baada ya hapo tulikwenda mdomoni. Tulitoa skrubu mbili za kofia ya chuma iliyo mbele, tukaisukuma kofia kwa kugongagonga na nyundo ya mbao iliyofungwa kitambaa. Tukalegeza pete ya katikati. Chini yake imejificha skrubu nyingine ndogo yenye springi, ambayo wenye haraka huisahau, nayo ikatoka. Tukaondoa vibao vya juu vinavyokinga mkono dhidi ya joto la mtutu. Tukatoa kasha la risasi, kisha skrubu za ule upinde wa chuma unaokinga kifyatulio. Kila skrubu tuliiweka juu ya karatasi nyeupe tukiandika jina lake na zamu yake. Ukarani wangu ulifaa hapo. Palipokataa tulitia tone moja la mafuta mepesi, tukangoja. Bisibisi isiyoenea vizuri katika mwanya wa skrubu ni adui kuliko kutu, kwa hiyo nilizichonga ncha mbili kwa tupa ili zitoshee barabara.

Ikabaki ubao mtupu, usioshikwa na kitu, na bado haukutoka. Tuliipasha chuma moto kidogo kwa kikausha nywele cha bibi wa nyumba, ili mafuta yaliyoganda yalainike. Tukaigeuza bunduki chini juu, tukailaza juu ya mito. Kaka mtu aliikamata chuma. Mdogo mtu alishika mti. Niliwaambia mti hauvutwi upande mmoja. Unainuliwa nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma tena, ukienda sawa. Anayevuta asimshinde anayeshika, na anayeshika asimwachie anayevuta. Walifanya hivyo karibu nusu saa. Hapana aliyesema neno ila "pole pole" na "haya." Kisha mti ukatoa pumzi, ukaja mikononi.

Kutu tuliikuta, nyingi upande wa kulia, lakini haikuwa imeshinda chuma. Ufa ulikuwako nyuma ya ubao, mfupi kuliko nilivyoogopa. Na tulikuta jambo ambalo hapana aliyelitarajia. Katika pembe ya mfereji, pale chuma inapoegemea mti, palikuwa na kipande chembamba cha mti wa rangi nyingine, kimechongwa vizuri na kutiwa gundi ili kujaza mahali palipolika. Kaka mtu, aliyekulia katika nyumba yenye madirisha ya msaji, alikinusa na kukiangalia, akasema, "Huu ni msaji." Nani alikitia, sisi hatujui. Lakini babu yao alikuwa akilinda mbao, na mbao ya msaji ndiyo iliyojaa katika maghala ya Jeddah wakati huo. Basi sisi tuliokuwa tukisema kwamba mti ule haujapata kuguswa, tulikuwa tumekosea. Aliyetutangulia aliufungua, akauziba, akaurudisha, wala hakuacha hata mkwaruzo.

Tulisafisha kutu kwa sufi ya chuma iliyo laini na mafuta, si kwa msasa. Ufa tuliuingizia gundi kwa sindano, tukaubana kwa kamba za pamba mpaka siku ya pili. Kipande cha msaji tulikiacha mahali pake. Mti tulioupaka mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Na katika kurudisha, kitako kilitangulia, ubao wa mbele ukafuata, kofia ya mdomoni ikawa ya mwisho.

Bunduki imebaki Riyadh, kwa kuwa hewa ya kule ni rafiki wa chuma na kibali kiko kule. Lakini katika lile tundu la kitako tulikuta kichupa cha shaba cha mafuta pamoja na kamba ya kusafishia mtutu, vitu ambavyo askari alikuwa haachani navyo. Mdogo mtu alimkabidhi kaka yake. Sasa viko hapa Jeddah, vimetundikwa kwenye ule msumari. Mtakapokwenda kesho kunywa kahawa mtaviona.

Limebaki langu. Nilipokuwa nikiwahimiza ndugu wale, dhamiri iliniuliza: na wewe je? Fundo la mwisho ulilolifunga wewe ni lipi? Mwaka 2019 nilisafiri hadi Mombasa. Yule fundi mzee alikuwa amekwisha kufariki. Niliulizia mpaka nikampata binti yake, sasa mama wa makamo mwenye wajukuu. Nilimweleza kila kitu, nikaweka mbele yake bahasha ya kiasi nilichokisia kuwa babake alikatwa, pamoja na nyongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwaka ule sote tulijua mshahara umepungua. Tulimwuliza. Baba alisema ni deni." Bahasha aliikataa. Nilipomsihi sana akaniambia nichimbie watu kisima au nimsomeshe mtoto, thawabu ziende kwa babake. Nimechagua la pili, nalo ninaendelea nalo. Lakini sikuja kujisifu. Nimekuja kusema kwamba nilichelewa. Msamaha nilioupata ni wa binti. Wa mzee mwenyewe sikuuomba alipokuwa hai, ingawa kwa miaka 11 baada ya siku ile tuliketi katika ghala moja.

Wapenzi jamaa, ukoo wetu umetawanyika. Wako walio Mombasa na Zanzibar, walio Muscat, walio London na walio Toronto. Nyinyi wa Toronto, joto la majumbani mwenu wakati wa baridi hukausha mbao kama Riyadh. Masanduku ya bibi zetu mliyoyachukua yaangalieni kabla hayajapasuka. Nyinyi wa pwani, chungulieni chini ya mbao, kwani chumvi haipigi hodi. Na sote kwa jumla, kila tunapokuta jambo lililokwama baina ya ndugu na ndugu, tusikimbilie pale palipo wazi, penye mirathi na karatasi na nani mwenye haki. Tuulize kwanza: kitu gani kilifungwa mwisho? Huenda kikawa neno moja tu la kuaga. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kuta za kuwajengea ndugu zetu hatuna uwezo nazo.

Mwenyekiti, wakati niliopewa umekwisha. Kabla sijaketi naomba tumsomee Fatiha marehemu ami yetu, na yule fundi mzee ambaye hamkumjua.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.